Tuzo ya Daktari wa Maiti

Mume wangu alipokuwa hai, majirani zetu pale Ihanja hawakula nyumbani kwetu. Walikuja, walisalimia vizuri, walikaa kwenye benchi la nje, lakini chakula kikiwekwa mezani kila mmoja alikumbuka ng'ombe wake. Sababu niliijua. Mume wangu alikuwa daktari wa patholojia. Kazi yake ilikuwa kuangalia kwa hadubini vipande vya nyama vilivyotolewa kwa wagonjwa na kusema ugonjwa ni upi, na mara nyingine kupasua maiti ili kujua kilichomuua mtu. Hiyo ya kwanza, aliyoifanya kila siku, haikumvutia yeyote. Hiyo ya pili ilitosha. Yeye walimwita Daktari wa Maiti, mimi wakaniita Mama Daktari, na sufuria zangu wakaziogopa.

Alifundisha wanafunzi wa udaktari Dar es Salaam kwa miaka mingi. Alipostaafu tukarudi nyumbani, akaiweka hadubini yake mezani karibu na dirisha, na hospitali za mkoani zikawa zinamletea vichupa. Wanafunzi waliokuja Singida kwa mafunzo ya vitendo nao walipanda basi kuja kumuuliza maswali. Hakuwa mwalimu mtamu. Mwanafunzi akisema "nadhani," alimjibu, "Nenda kadhanie nje, ukishaona ndiyo urudi." Walitoka wakinung'unika, na safari nyingine walikuja na wenzao.

Miaka hiyo ndiyo ilikuwa miaka ya ruksa. Kila kitu cha serikali kilipata ndugu yake wa binafsi. Maduka ya dawa yaliota mjini Singida kama alizeti, na tajiri mmoja aliyekuwa anauza magodoro na mabati akaona na wagonjwa nao ni biashara, akafungua hospitali. Siku moja alikuja mwenyewe na gari, kichupa mkononi. Ndani mlikuwa na kipande cha nyama kilichotolewa kwenye titi la mwanamke, kimeharibika kwa sababu hakuna aliyejali kukitia dawa ya kuhifadhia.

Mume wangu alikigeuzageuza kwenye mwanga. "Hiki kimeoza," akasema. "Mkachukue kingine, mkitie dawa."

"Mzee, huyu mama anataka majibu leo. Andika tu si saratani, mambo yaishe."

"Umejuaje kwamba si saratani?"

"Anaonekana mzima kabisa. Mzee wangu, tuelewane. Huyu si mgonjwa wa serikali. Huyu ni mteja."

"Mimi sina wateja," mume wangu akasema. "Nina wagonjwa. Wengine wameshakufa, na hata hao siwaandikii uongo."

Tajiri aliondoka akatuachia vumbi. Kesho yake mume wangu alipanda basi kwenda mjini, chupa ya dawa mfukoni mwa koti, akasimamia mwenyewe kipande kingine kikitolewa. Ilikuwa saratani. Yule mama akapelekwa Dar es Salaam, na sisi hatukupata kujua iliishaje. Tulichojua ni kwamba tajiri hakutuletea kichupa tena.

Mume wangu alipofariki, wanafunzi wake wa zamani, sasa madaktari wenye vitambi, walikuja kuniomba ruhusa. Walitaka kuanzisha tuzo ya kumbukumbu yake. Kila mwaka mwanafunzi wa udaktari atakayefanya vizuri kuliko wenzake katika patholojia atapewa hadubini, na sherehe itafanyika Ihanja, alikozaliwa mwalimu wao. Nililia, nikakubali.

Kumbe sherehe inataka turubai, viti, soda na vipaza sauti, na wakati ule hata harusi ya maskini ilitafutiwa mfadhili. Kamati ikazunguka mji mzima kutafuta, ikarudi na furaha kubwa. Wamempata! Alikuwa yule yule tajiri wa magodoro.

Siku ilipofika nilikuta bango limetundikwa mbele ya turubai. Fundi wa mabango alikuwa amemchora mume wangu akitabasamu, jambo ambalo mimi niliyeishi naye nililiona mara chache, na shingoni amemning'inizia kifaa cha kusikilizia mapigo ya moyo. Nikamuuliza mjumbe wa kamati kifaa kile ni cha nini.

"Mama, watu wajue ni daktari," akanijibu.

Chini ya picha jina la tajiri lilikuwa kubwa kuliko la marehemu. Mshereheshaji, kijana aliyetoka mjini na suti ya mtumba iliyomzidi mabega, alitamka patholojia kwa namna tofauti kila aliposhika kipaza sauti. Mara moja ilitoka "petrolojia," na mzee aliyekaa nyuma yangu akamweleza mwenzake kwamba kumbe marehemu alikuwa pia na kituo cha mafuta.

Mgeni rasmi, ambaye ndiye huyo tajiri, alichelewa mpaka soda zikapata moto. Alinipa shikamoo akiwa anatembea, wala hakungoja marahaba yangu. Kisha akahutubia. Alisema yeye na marehemu walikuwa kama ndugu. Alisema marehemu alimshauri katika kila hatua ya hospitali yake. Mwisho akamwita mshindi, binti mwembamba kutoka Kintinku, na vijana wawili wakaingia na tuzo. Lilikuwa godoro, bado liko kwenye nailoni. Hadubini, tukaambiwa, zimeadimika, lakini daktari naye lazima alale.

Watu wakapiga makofi. Binti alilitazama godoro, akanitazama mimi, akauma mdomo asicheke.

Halafu mshereheshaji akanipa kipaza sauti nitoe neno la shukrani. Sikuwa nimepanga kusema kitu.

"Namshukuru mgeni rasmi," nikaanza. "Ni kweli alifika kwetu. Mume wangu alimkumbuka siku zote."

Tajiri akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Alikuja na kichupa cha nyama iliyooza, akaomba iandikwe si saratani. Mume wangu akamshauri akachukue nyingine. Huo ndio ushauri aliompa, na ninashukuru kwamba ameukumbuka mpaka leo."

Kisha kule nyuma mwanamke mmoja akaangua kicheko, na turubai zima likamfuata. Tajiri hakujua la kufanya, akapiga makofi. Niliporudi kukaa nilijisikia mwepesi, kama niliyetua debe la maji kichwani.

Baada ya hapo ukaja wakati wa chakula. Nilikuwa nimepika wali na kuku wa kienyeji kwa sufuria zangu zile zile. Jirani yangu, ambaye kwa miaka yote hakuwahi kugusa hata chai yangu, alisogea akanong'ona, "Mama Daktari, hizi sufuria..."

"Ndizo," nikasema.

Akaniangalia, akaliangalia paja la kuku. Alikula, akaomba na mchuzi.

Jioni kondakta alikataa kulipakia godoro, juu ya basi kulikuwa kumejaa magunia ya vitunguu. Binti akaniachia. Ni godoro zuri, siwezi kusema uongo, na mgongo wangu unalisifu.

Mwaka uliofuata mfadhili hakuonekana. Madaktari wale walikuja wenyewe bila turubai wala bango, tukakaa uani, na mshindi akapewa kitabu. Yule binti wa Kintinku naye alikuja, akaketi dirishani kwenye hadubini ya mume wangu mpaka tukamwita mara kadhaa kula. Sasa ni daktari wa patholojia na anafundisha. Juzi alinitembelea na wanafunzi wake, na alipotoka kunawa mikono mmoja wao akaninong'oneza, "Bibi, tunakuomba uongee naye. Ni mkali mno."

Nikamwambia ale kwanza.