Mpishi Aliyeacha Kuonja

Mume wa dada yangu ni mpishi wa kantini ya kiwanda cha viatu, na leo nitamsema mbele za watu, maana mbele yake nimeshasema mpaka koo likakauka. Mtu mwenyewe si mjinga, na hapo ndipo ninapoudhika. Angekuwa mjinga ningemhurumia nikaenda zangu.

Zamani alikuwa na mwili wa kujaza mlango, na kiwandani walimwita Bonge. Alikuwa anasimama kwenye dirisha la kugawia chakula, upawa mkononi, na hakuna aliyepita pale na visingizio. Ukimwambia umeshakula nyumbani, anakuuliza, "Ulikula jana au leo?" na huku sahani yako imeshajaa. Akijua mfanyakazi ananyonyesha, huyo hatoki dirishani na upawa mmoja, hata akisema ameshiba. Mimi mwenyewe kila Jumapili nilikuwa kwao, na sikuwa nakwenda kumwona dada.

Siku moja daktari akamwambia apunguze uzito kwa sababu ya presha. Ushauri mzuri, sina neno na daktari. Mwenye akili timamu angepunguza mafuta, akatembea jioni, mambo yakaisha. Shemeji akaweka kwenye simu programu ya kuhesabu kalori, na ndani ya programu hiyo kulikuwa na kundi la watu wasiojuana sura, wamejiita Wepesi Pamoja.

Nisiwe mnafiki, mwanzoni lilimsaidia. Alianza kupanda ngazi bila kushika ukuta. Kule hakuna aliyemwita Bonge. Akiandika kwamba amekataa sahani ya pili, watu asiowajua wanampongeza kama amefaulu mtihani. Hapo namwelewa. Mtu mzima hajawahi kusifiwa mwili wake tangu azaliwe, leo anasifiwa asubuhi na jioni, lazima kichwa kimzunguke.

Lakini uzito aliotakiwa aufikie akaufikia, akaupita, na sifa hazikukoma. Walimvisha kilemba cha ukoka naye akakikaza. Mkubwa wao wanamwita Kocha. Kocha wa nini, sijui, maana hana timu, hana uwanja, hana hata filimbi. Kazi yake ni kuandika maneno ya kutia moyo na kuwafukuza wanaobisha.

Wana desturi zao. Kabla ya kula unapiga picha sahani yako na kuwatumia, na wenzako wanakujibu. Wakiona chakula kimezidi, wanakutumia alama ya fagio, maana yake fagia, punguza. Nimemwona kwa macho yangu mtu anayelisha kiwanda kizima amekaa mbele ya vipande vya tango, anasubiri ruhusa. Jibu likaja: "Hicho cha pembeni kikubwa kidogo, mpenzi." Mpenzi! Mwanamume ana ndevu! Naye akakitoa kile kipande, akaniangalia kwa fahari.

Na kuna desturi yao kubwa kuliko zote, wanaiita kubebana. Mmoja wao akianguka, yaani akila kama binadamu wengine, hawamgombezi. Afadhali wangemgombeza. Wanafunga pamoja naye ili asijisikie mpweke. Wanaandika "tumekubeba, tumekubeba", na aliyeanguka analia kwa shukrani. Nilimwambia shemeji kwamba huo ni wehu uliovaa nguo safi.

"Wivu tu, shemeji," akanijibu. "Kule wananipenda bila kudai niwapakulie."

Nikaendelea kutafuna, maana sahani aliyonipakulia ilikuwa mapajani.

Kisha akaacha kuonja. Kila kinachoingia mdomoni ni lazima kiandikwe kwenye programu, hata mchuzi wa ncha ya kijiko, na kantini ina masufuria mengi. Basi kazi ya kuonja akampa mama mmoja mtu mzima anayeosha vyombo. Huyo mama alikuwa amekatazwa chumvi na daktari wake, na sasa chumvi imemfuata kazini, tena kwa amri ya mkubwa. Ungetegemea aseme inatosha? Kila akionja anasema, "Bado kidogo." Mafundi wa viatu wakawa wanapanga foleni ndefu kwenye bomba la maji kuliko dirishani.

Msimamizi akaja jikoni. "Hii mboga umeionja?"

"Nimeionja, mkuu."

"Hebu ionje tena, nikuone."

Shemeji akachota. Kijiko kikafika mdomoni kikasimama hapo, mkono unatetemeka, jasho linamtoka. Akasema jino linamuuma. Yule mama wa vyombo ndiye aliyenisimulia, na alikuwa anacheka anaposimulia, lakini alipofika kwenye ule mkono aliacha kucheka.

Nyumbani suruali zake zilikuwa zinashikwa na kamba. Nilimwambia, "Shemeji, hata henga la nguo lina mabega kukuzidi." Utani wetu wa siku zote. Zamani angenirudishia kubwa zaidi. Safari hii alitabasamu tu, kisha akaingia kwenye simu kuwaambia wenzake kwamba ndugu wa mkewe anamvunja moyo. Wakamtumia pole nyingi. Mimi nikawa adui wa kundi zima bila kuwaona hata mmoja.

Alianguka kazini, saa ya chakula, dirishani pale pale, upawa mkononi. Hospitali daktari hakutuzungusha. Alimwambia dada kwamba mwili umekosa cha kula umeanza kujila wenyewe, na moyo nao ni nyama. Asipoanza kula, kidogo kidogo na mbele ya muuguzi, moyo utasimama. Dada akauliza, "Lini?" Daktari akasema hawezi kuahidi hata kesho.

Muuguzi akaleta uji kwenye bakuli dogo. Shemeji akafunga mdomo. Dada akambembeleza, nikamfokea, muuguzi akamweleza taratibu kama anavyoelezwa mtu mzima. Akageukia ukutani.

Ndipo dada akachukua simu ya mumewe, akaandika kwenye kundi. Nilisoma juu ya bega lake. "Mimi ni mke wake. Amelazwa, hali ni mbaya. Daktari anasema asipokula atakufa. Nawaomba mwambieni ale. Ninyi anawasikia."

"Unawaomba hawa?" nikamwambia. "Hawa ndio waliomfikisha hapa."

"Angekuwa anamsikia paka, ningemwomba paka," dada akasema. "Niache."

Majibu hayakuchelewa. Kocha akaandika kwanza: "Wapendwa, mwenzetu yuko vitani. Tunambeba mpaka atoke hospitali." Na wote wakafuata, mmoja baada ya mwingine, tumekubeba kaka, tumekubeba. Yaani mtu anakufa kwa njaa, na msaada wao ni kukaa na njaa. Ukiwaambia mtu anazama, hawa watajitupa wote majini wamshike miguu. Mmoja akauliza eti maji ya dripu yanaandikwaje kwenye programu, kwa chupa au kwa saa. Damu ilinichemka. Nilitaka kuipasua ile simu sakafuni, dada akanishika mkono.

Shemeji aliomba asome. Akasoma, machozi yakamtoka, akatabasamu tabasamu ambalo dada yangu hajalipata miezi mingi. "Umeona?" akamwambia. "Wote."

Wote! Mke amekaa kwenye stuli hajaoga tangu jana, hayumo katika hao wote. Nilimdharau siku ile kama sijawahi kumdharau mtu.

Dada alichukua simu akaendelea kuyasoma majibu kwa sauti, neno kwa neno, kwa sauti ya mtu anayesoma mashtaka. Akafika kwa mwanamke mmoja anayejiita Mama Kichanga. "Na mimi nambeba kaka yetu. Nanyonyesha na maziwa yamepungua, mtoto analia sana, lakini nitakaza mpaka atoke."

Shemeji akageuka. "Amesema nini?"

Dada akarudia.

"Huyo ana mtoto mchanga kabisa," shemeji akasema. "Mwambie ale. Mwambie hiyo haimhusu."

"Mimi atanisikiliza? Si amesema mpaka utoke? Na wewe unatokaje na mdomo umeufunga?"

Shemeji akalitazama bakuli. Niliona uso wake unafanya kazi, ule uso wa dirishani wa mtu anayepima nani bado hajapata. Akajivuta akakaa.

"Lete hicho."

Alikula kama anameza mchanga. Kila kijiko anapumzika, anafuta jasho, muuguzi kasimama pembeni anamwangalia. Mimi nilitazama dirishani kwa sababu nilikuwa naona haya kulia mbele yake. Alipomaliza aliomba simu. Akapiga picha bakuli tupu, akaandika mwenyewe, vidole vinakosea anafuta anarudia: "Nimekula. Nimemaliza. Msinibebe tena. Mama Kichanga, kula, mtoto apate kunyonya."

Akatuma. Tukakaa tunasubiri. Na mimi, pamoja na ujuaji wangu wote, nilikuwa natarajia angalau mmoja atasema ahsante Mungu.

Kocha akaandika: "Huyu amechagua kuanguka, na sasa anataka kutuangusha na sisi." Kufumba na kufumbua shemeji akawa ametolewa. Akibonyeza jina la kundi halifunguki. Wale waliombeba, walioapa, waliomwita mpenzi, hakuna aliyefungua mdomo. Hata huyo Mama Kichanga hatukupata kujua kama alikula au hakula.

Moyoni nilishangilia, nakiri. Nikasema sasa macho yamemfumbuka, sasa amewajua. Nikavuta stuli nianze hotuba yangu.

Alikuwa analia. Alipoambiwa moyo wake unaweza kusimama hakulia, na sasa alikuwa analia kwa kwikwi, mabega yanaruka, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Akamshika dada mkono.

"Waambie nimetapika."

"Unasema?"

"Jiunge kwa simu yako, uwaandikie. Waambie nimetapika yote. Watanirudisha."

Niliogopa. Dharau yote niliyokuwa nayo ikageuka woga, kwa sababu nilielewa kwamba huyu mtu hakuwa anacheza, na kwamba sisi tuliokaa naye chumbani hatukuwa na kitu cha kumpa kinacholingana na kile alichonyang'anywa.

Dada hakumfokea. Alingoja mpaka muuguzi alipoleta bakuli la mchana, akalipokea, akalikoroga lipoe.

"Siandiki, baba watoto. Fungua mdomo."

Akatikisa kichwa. Kisha akauliza, "Unadhani amekula? Yule mwenye mtoto?"

"Sijui. Wewe umeshamwambia. Sasa ni zamu yako."

Alifungua mdomo huku machozi yanaingia kwenye uji, akameza.

Sasa yuko nyumbani. Kiwandani wamempa likizo na hawajasema mwisho wake. Daktari anasema moyo umetulia lakini safari ni ndefu, na anamwona kila wiki, na yuko mtaalamu mwingine wa kuzungumza naye ambaye shemeji anamnunia. Anakula mezani, dada amekaa mbele yake. Siku nyingine anamaliza, siku nyingine wanakaa mpaka chakula kinapoa kinapashwa tena. Na katikati ya kula anachukua simu, anabonyeza lile jina kuona kama wamemfungulia. Hawajamfungulia. Mimi ningeshaitupa chooni, lakini dada anamwacha abonyeze. Anasubiri aiweke chini, kisha anamjazia kijiko kingine.