Kidole Juu ya Cheti cha Kuzaliwa

Mimi shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza, kwa hiyo ukikuta maneno yamepinda, pinda nayo, tutafika. Nataka kuandika habari za mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa Matambarale, na mkewe, walivyohangaikia karatasi za kuhamia Australia pamoja na watoto wao wawili. Mimi nakaa Ruponda. Wao wanakaa Ruangwa mjini.

Mke ni muuguzi, na huko Australia wanawataka wauguzi kama sisi tunavyoitaka mvua. Mume ni fundi wa kuchomelea milango na madirisha, na madirisha yake hayana aibu, lakini anayetakiwa huko ni mke. Mume angeingia kwa mgongo wa mke. Faili ni la mke, na mume asipoingia kwenye faili anabaki Ruangwa na madirisha yake, mke na watoto wanapanda ndege. Hapo ndipo habari yote ilipokaa.

Watu wa kwetu walishangaa sana. Mimi sikushangaa. Baba yangu aliwaona Wazungu kwa macho yake walipokuja hapa Nachingwea na matrekta kulima karanga. Walijenga mpaka reli. Karanga zikawakataa, wakaondoka, na reli ikang'olewa. Kwa hiyo huku kutembeleana kulianza zamani, na wao ndio walianza. Nilimwambia mpwa wangu, mkifika huko msije mkaanza na karanga.

Nyumba yao ya Ruangwa ilikuwa imepagawa kwa furaha. Mke alikuwa na mtihani wa Kiingereza mbele yake, basi kila kitu mle ndani kilisemeshwa Kiingereza, kuku, sufuria, mpaka mtungi wa maji. Mtoto mdogo akiitwa kuoga anajibu "no" na kukimbia. Mume wateja wanamuuliza bei ya geti yeye anasema "yes". Nilikwenda kuwasalimu jioni nikaambiwa "good morning", nikaitikia, maana salamu ni salamu. Na mimi ukaniingia ugonjwa huohuo. Nilirudi Ruponda na "very good" yangu moja, nikawa naigawa kila mahali, hadi mwadhini wetu akaniambia, "Mzee, msikitini iache nje na viatu."

Nilimuuliza mkwe wangu, huyo mke wa mpwa, kama Australia kuna ming'oko, vile viazi vyetu vya porini. Akatafuta kwenye simu, akasema ming'oko haipo, ila yupo kangaruu.

"Analiwa?"

"Analiwa, mjomba."

"Nani anamchinja? Maana mnyama anaruka hivyo."

"Mjomba, mimi naenda kuuguza watu."

Nikaona nisimchoshe.

Sasa karatasi. Karatasi zote zilikuwa zinapita kwa wakala wao, mwanamke wa Dar es Salaam ambaye uso wake sijauona hadi leo. Namjua sauti tu, sauti ya mtu anayekula huku anatembea. Yeye anapokea picha za vyeti kwa simu, anavikagua, anavipanga. Vyeti vya mke vikapita. Cheti cha ndoa kikapita. Vya watoto vikapita. Cha kuzaliwa cha mume, wakala akapiga simu.

"Kaka, naona kidole. Kidole kizuri, kina kovu la moto. Jina silioni."

Mpwa wangu akaomba radhi, akapiga picha nyingine. Wakala akapiga tena. "Sasa juu ya jina naona kibiriti."

Ya tatu aliipiga giza limeshaingia, ikatoka kama moshi. Hapo wakala akaacha kumtafuta mume, akamtafuta mke. Mke akamgeukia mumewe.

"Kwani hicho cheti kina nini?"

"Kimeliwa na mchwa."

"Mchwa wamekula jina tu, tarehe wakaiacha?"

Yeye akatoka, akasema anakwenda kuzima mashine. Mashine ilikuwa imezimwa tangu mchana.

Ngoja nieleze, maana msomaji wa mbali atadhani mpwa wangu ni mwizi. Sisi huku mtoto anazaliwa na jina, halafu anakwenda jando. Akitoka jando anapewa jina jingine, na lile la kwanza linabaki porini pamoja na utoto wake. Kumwita mtu mzima kwa jina la utotoni ni tusi. Mtu ameshawahi kutozwa kuku kwa tusi hilo, na akalipa bila kubisha. Mpwa wangu alianza shule ametoka jando tayari, kwa hiyo shule haikulijua lile jina la kwanza, wala chuo cha ufundi, wala shehe aliyemfungisha ndoa. Lakini dada yangu alimzalia hospitali, na karani mmoja mwenye bidii akamwandikia cheti palepale. Dada akakitia kwenye sanduku. Huko kikakaa.

Na jina lenyewe si jina la kawaida. Kabla yake dada alikuwa amezika watoto, mmoja baada ya mwingine. Huyu alipokuja, wazee wakasema apewe jina baya, kifo kikipita kimwone si kitu, kimpite. Wakampa jina ambalo kwa Kimwera, lugha yetu, ni kile anachokiacha kuku kizingitini akifukuzwa. Na kifo kweli kikapita. Hapa sitaliandika. Mbele ya wakili niliapishwa, mbele yako wewe sijaapishwa.

Aliyempa jina la pili ni mimi, mjomba wake. Ndiyo maana siku moja nikiwa shambani nakung'uta ufuta juu ya turubai niliona pikipiki inakuja kwa vumbi, na ni yeye.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mbona umekonda, umeanza kula kizungu?"

Hakucheka. Alichukua mganda wa ufuta akaanza kukung'uta na yeye, ndivyo alivyo, hawezi kusema mikono ikiwa mitupu. Akaniambia amemkiria wakala kwamba jina la kwenye cheti ni jingine, na sasa wakala anataka kiapo cha mzee wa ukoo, kwa wakili, kwamba mtu wa kwenye cheti cha kuzaliwa na mtu wa kwenye cheti cha ndoa ni mmoja. Bila hicho mume hatambuliki. Alikuwa ameomba apewe cheti kipya cha jina la sasa, na wakala akamwambia cheti kipo, mtu hazaliwi mara mbili.

"Hajui huyo," nikasema. "Kwetu tunazaliwa mara mbili."

"Mjomba, kiapo kinasomwa kwa sauti. Na mke wangu anajua Kimwera kuliko mimi."

"Sasa?"

"Sasa bora nibaki. Waende wao, mimi nitawatembelea."

"Utawatembelea Australia kwa pikipiki hii?"

Akakung'uta mganda mpaka ukabaki vijiti. Nami nilitaka kumhurumia, lakini kicheko kilikuwa kimenikaa hapa kooni, na ukiwa mzee hukizuii tena, kinatoka chenyewe kama kikohozi. Nikacheka mpaka nikakalia ufuta wangu. Nikamwambia, mtoto wa dada yangu haachwi na ndege kwa sababu ya kuku. Kesho Nachingwea.

Kesho yake nilipoteremka kwenye bodaboda mbele ya ofisi ya wakili, mkwe wangu alikuwa ameshafika, amesimama na mumewe kama watu wasiojuana. Akanivuta pembeni.

"Mjomba, wewe hujawahi kunidanganya. Kama kwenye cheti hicho kuna mwanamke, niambie sasa. Nitamtoa huyu mume kwenye faili langu niende na wanangu."

Kumbe mwenzetu alikuwa anawaza hilo. Mwanamke ndani ya cheti cha kuzaliwa, ataingiaje? Lakini mtu akifichwa jambo, akili yake haina mlango. Nikamwambia, "Hakuna mwanamke. Ingia usikie." Mumewe alitaka abaki kibarazani. Mke akapita mbele yake akakaa kiti cha kwanza.

Wakili ni kijana wa kaskazini, mpole, hana muda mrefu Nachingwea, na Kimwera hajui hata salamu. Kwenye benchi alikuwepo mfugaji mmoja, wale waliokuja na ng'ombe kutoka kanda ya Ziwa, anasubiri karatasi zake za shamba, fimbo katikati ya magoti. Wakili alichapa, akaniuliza mambo mawili matatu, kisha akasimama akasoma kwa sauti ya bungeni kwamba mimi, mjomba wa mhusika, naapa ya kuwa mtu aliyejulikana kwa jina hilo, akalitaja, ndiye huyuhuyu. Na kiapo cha wakili hakitaji jina mara moja. Kinalitaja juu, kinalitaja katikati, kinalitaja chini.

Mara ya kwanza mkwe wangu aligeuza shingo. Mara ya pili akaziba mdomo kwa ncha ya khanga. Ya tatu akateleza kwenye kiti, akakaa sakafuni, machozi yanamtoka, hana sauti. Mumewe alikuwa anatazama feni ya darini, na ile feni haizunguki.

"Sahihi hapa, bwana," wakili akasema, akamwita kwa jina lilelile, kwa heshima zote. Kisha akatabasamu. "Unajua nimelipenda? Lina mlio mtamu. Mke wangu ni mjamzito. Akiwa wa kiume nitampa hili."

Mkwe wangu pale chini akaacha kucheka. Mimi nilimtazama mpwa wangu, yeye akanitazama, na nikaona anaweza kunyamaza, akasaini, akaondoka zake Australia. Lakini aliweka kalamu chini.

"Mheshimiwa, hilo usimpe mtoto."

"Kwa nini? Lina maana gani?"

Akamwambia. Yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, kwa Kiswahili kilichonyooka, kuku na kizingiti na yote, na kwa nini mama yake alikubali aitwe hivyo.

Wakili akaitazama karatasi yake. "Na mimi nimelisoma kwa sauti namna ile," akasema taratibu.

Yule mfugaji akagonga fimbo sakafuni. "Kaka, wewe unalia nini na majina mawili? Mimi mama yangu alizika watoto, nilipozaliwa wakaniweka jalalani, shangazi akaja kuniokota. Jina langu kwa lugha yetu maana yake ni jalala. Sina jingine. Liko kwenye kitambulisho, na ng'ombe wangu wakilisikia wanakuja."

Basi hapo hata wakili alikaa. Alicheka huku anagonga muhuri, ukatua upande, akalazimika kuchapa karatasi nyingine, akatoa nakala na kucheka upya.

Tulipotoka kibarazani mke alimpiga mumewe ngumi ya bega, si ya mchezo. "Siku zote hizi nalala nawaza mke mwenzangu, kumbe naogopa kuku."

"Ungelijua ungenikubali?"

"Wewe piga picha ya hicho cheti, na kidole kikae mfukoni."

Akapiga, kidole mbali kabisa, akatuma cheti na kiapo. Wakala akapiga simu palepale, mke akaiweka spika.

"Kaka, leo nimeona. Kuna sehemu wanauliza majina mengine uliyowahi kuitwa. Niandike hili?"

"Andika."

"Linatamkwaje, nisije nikakosea?"

Barabarani watu walikuwa wanapita, na wengi wao ni Wamwera. Mpwa wangu akakohoa, akalitamka, akalirudia polepole ili dada wa Dar es Salaam alipate. Mwuza machungwa aligeuka. Mzee mmoja mwenye baiskeli akasimamisha baiskeli.

"Haya," wakala akasema. Tukasikia anatafuna. "Mume ameingia. Natuma faili lenu, watu wanne."

Majibu bado hayajaja ninapoandika, ila faili limekwenda na wote wanne. Sisi siku ile tulikwenda kwa mama ntilie kula wali na samaki. Mpwa wangu, ambaye asubuhi hata chai ilimshinda kumeza, alimaliza sahani yake, akamaliza ya mkewe, kisha akaanza kuitazama ya kwangu.