Walipoifagia Bustani Yetu

Hata leo nikiona mtu anafagia majani chini ya miti, hasira hunipanda.

Tulihamishiwa kijiji kipya upande wa Mgori enzi za Ujamaa, nikiwa nimeolewa karibuni. Kila familia ilihitaji boriti za tembe na kuni za kupikia, na mlima uliokuwa juu ya kisima ulikuwa karibu. Tuliukata miti yote. Baada ya mvua chache kisima kikawa tope, nasi wanawake tukawa tunaamka kufuata maji mbali.

Mama mkwe wangu ndiye aliyelipeleka jambo hilo kwenye mkutano wa kijiji. Alitaka mlima ufungwe. Mbuzi wasipande, mtu asikate mti mbichi, na moto usiwashwe kabisa. Mkutano ukakubali, na mahali pale pakaitwa bustani ya kijiji. Kazi yenyewe tuliifanya wanawake. Visiki vya miti ya mitundu na mininga vilipochipua, tuliacha chipukizi moja lenye nguvu na kupunguza mengine, tukayatandaza juu ya ardhi tupu. Majani yaliyoanguka hatukuyagusa. Yaliozea palepale, maji ya mvua yakaacha kuteremka kwa fujo yakaanza kuzama ardhini. Uyoga ukarudi. Miaka ikapita, na kisima nacho kikarudi.

Ndipo tukaambiwa kuna mgeni mkubwa anakuja kuiona bustani. Mwenyekiti wa kijiji wakati huo alikuwa shemeji yangu, mtoto wa kwanza wa mama mkwe. Alipanda mlimani akatukuta tunapunguza machipukizi.

"Hapa ni pachafu," alisema. "Majani yote haya yafagiliwe na yachomwe. Bustani lazima ionekane bustani."

"Shemeji, moto hapa ulikatazwa na mkutano," nilimwambia. "Na kumekauka."

"Mimi ndiye mwenyekiti wa huo mkutano. Wewe umekuja hapa kuolewa, si kunifundisha."

Kesho yake aliwaleta vijana wenye mafagio, wakarundika majani chini ya miti, wakawasha. Upepo wa kiangazi ulikuwa unavuma kama kawaida yake. Moto uliruka kutoka rundo hadi rundo, ukaingia kwenye nyasi, ukapanda. Tulipigana nao kwa matawi mabichi na ndoo za maji ya kisima kilekile. Jua lilipokuwa linazama, mlima ulikuwa mweusi. Mama mkwe alikaa juu ya jiwe, nguo zake zimeungua pindoni.

Mgeni alikuja, akala mbuzi, akapigiwa ngoma. Alipouliza bustani iko wapi, shemeji alinyoosha mkono kwenye majivu bila hata kupepesa.

"Ile pale, ndugu. Ndiyo kwanza tunaiandaa."

Ndiyo kwanza! Nilikuwa nimesimama na sinia la ugali mkononi, na nilitamani kulimwaga lote miguuni pake. Miaka yetu yote aliifuta kwa maneno mawili, na watu wakampigia makofi. Nililiweka sinia chini nikaondoka. Mume wangu alinifuata akinisihi nisimwaibishe kaka yake. Nilimwambia kaka yake hana aibu ya kuongezewa.

Siku ya kazi ya pamoja kwenye shamba la kijiji ilipofika, wanawake hatukwenda shambani. Tulipanda mlimani na majembe, tukapanga mawe kukinga mteremko kabla mvua haijaanza. Shemeji alikuja akifoka kwamba tunagomea Ujamaa na kwamba atatushtaki. Mama mkwe aliinua uso.

"Anza na mimi," alimwambia. "Waambie umemshtaki mama yako kwa kurudisha ulichochoma."

Shemeji aligeuka, akashuka. Hakutushtaki. Hakuomba msamaha pia, wala hakuwahi kutamka neno moto mbele yetu.

Mitundu ilichipua tena kwenye visiki. Mininga mingi haikuinuka, na kisima kilichukua muda mrefu kuliko mara ya kwanza. Siku moja shemeji alituma mtu kuomba boriti chache za mlimani, anajenga nyumba nyingine. Mama mkwe alimjibu akatafute ng'ambo ya bonde, kama watu wengine. Nilimsikia nikiwa jikoni, nikaendelea kusonga ugali, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya majivu nikala nikashiba.