Makubadhi ya Manzese Yavuka Tunduma

Nilisafiri kwa sababu ya Mama Mulenga, mwenye duka Nakonde, mpakani upande wa Zambia. Aliyaona makubadhi yetu miguuni mwa abiria mmoja, akatupigia simu. "Nileteeni magunia mawili. Ila yakitozwa ushuru siyawezi, bei itashindwa na ya viatu vya plastiki." Oda hiyo ikiponyoka, mie na mdogo wangu Tuma tunafunga karakana yetu ya Manzese.

Alfajiri, stendi ya Mbezi Luis, Dar. Tuma alinikabidhi cheti cha uasili, kinachothibitisha kuwa mali imetengenezwa Tanzania. Kwa mkataba wa nchi zetu za kusini mwa Afrika, mali hiyo haitozwi ushuru mpakani. Mie nilikuwa sijawahi kuvuka Morogoro.

Tunduma, siku ya pili. Jamani! Malori yamepangana mpaka macho yanachoka: magodoro, sabuni, mabati, vyote vya viwandani kwetu, vinakwenda nchi za watu. Nilisimama mdomo wazi, nimesahau hata njaa.

Forodhani, ofisa wa Zambia, dada anayekijua Kiswahili vizuri, aligeuza kubadhi moja. "Mama, mbona hapa ndani pameandikwa Italia?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Muhuri ule tunaugongaga sie wenyewe. Mteja wa Dar asipoona neno la Ulaya anapita zake!

"Ni mbwembwe tu, sista. Ngozi ya machinjioni Vingunguti hiyo, wallahi."

"Cheti kinasema Tanzania, kiatu kinasema Italia. Nishike lipi?"

Nikatoa sindano, uzi na vipande vya ngozi nilivyobeba kwa marekebisho, nikaanza kushona palepale kwenye benchi. Madereva wa malori wakanizunguka. Nilipomaliza, yule dada aliweka kazi yangu kando ya kubadhi la guniani, akapitisha kidole kwenye mishono.

"Mkono ni huohuo," akasema. "Kwangua Italia yote, upite bila ushuru."

Madereva wakatoa nyembe, tukakwangua mpaka adhuhuri.

Nakonde, mchana. Mama Mulenga aliyatundika makubadhi mlangoni pa duka. Mwanamke mmoja akajaribu, akauliza yanatoka wapi.

"Manzese," nikasema.

Hakupajua. Akayanunua, akaondoka nayo miguuni, nami nikajifunika kanga nikalia.

Nilikuwa nadhani mikataba ile ni ya matajiri wenye viwanda. Kumbe na sie tumo! Kwenye basi la kurudi nikampigia Tuma: "Yamepita, na Mama Mulenga anataka mengine."

Alipiga kigelegele mpaka jirani yangu wa siti akasikia.

"Kuna harusi?" akaniuliza.

"Tena kubwa," nikamjibu.