Kocha Alivyokuwa Mteja wa Mwanawe

Mume wangu mtaa mzima unamwita Kocha, na hata mimi nikimkasirikia namwita hivyohivyo. Miaka ishirini na mitatu alifundisha timu ya mpira ya kiwandani, na humo akamchezesha mwanetu wa pekee, winga wa kulia.

Alikuwa na kanuni moja: uwanjani hakuna baba. Aliogopa watu waseme anambeba mtoto wake, basi akamkaza kuliko wenzake wote. Siku ya fainali nilipeleka maji, nikawasikia mlangoni pa chumba cha wachezaji.

"Baba, goti linauma kweli."

"Baba yako yuko nyumbani. Hapa kuna kocha. Funga bandeji uingie."

Akaingia. Kabla ya mapumziko alitolewa kwa machela, na mpira wake ukaishia hapo. Alikuwa na miaka kumi na tisa.

Sasa ni fundi wa redio na feni, ana kibanda nyuma ya soko. Mimi hunitembelea baba yake akiwa hayupo. Mzee hakuwa na njia ya kumwendea, mpaka feni yetu ilipoungua akaipeleka. Alirudi anachekacheka kama bwana harusi.

"Kanipa kiti, mke wangu! Kiti!"

Tangu hapo vitu vya nyumbani vikawa vinakufa kimoja kimoja: birika la umeme, taa ya mezani, feni tena. Nilimwomba Mungu, kama njia yenyewe ndiyo hiyo, basi aharibu na jokofu.

Wiki iliyopita alibeba redio, nikamsindikiza. Kijana alituamkia, kisha akachukua kalamu na kikaratasi.

"Jina la mteja?"

"Si unalijua?"

"Kila kifaa lazima kiandikwe jina, mzee."

Akamtajia jina lake, kama mgeni. Kijana akafungua redio, akachungulia ndani.

"Waya huu umekatwa."

"Panya hao," akasema mume wangu.

"Panya wenye mkasi?"

Dada mmoja aliyekuwa akisubiri chaja yake akaangua kicheko. Mume wangu naye akacheka, akadhani mambo yamelainika. Ndipo akasema neno nililolingoja miaka minane: "Lile goti, mwanangu. Nilikosa. Nisamehe, baba."

Kijana hakuinua uso. Aliunga waya, akakaza skrubu zote nne, akawasha. Mtu akasikika akisoma habari za mvua. Akaizima.

"Nilishakusamehe zamani, Kocha. Lakini usilete kitu tena. Siku ukija hapa, goti haliniachi nilale." Akanigeukia. "Mama, wewe njoo wakati wowote." Kisha akamwita yule dada wa chaja.

Tulirudi kwa miguu, mume wangu kaikumbatia redio kifuani. Karibu na nyumbani akasimama.

"Mbona amekonda vile? Unadhani amekula leo?"

"Amekula," nikamwambia.

Sikujua. Mungu anisamehe.