Mkunga Aliyegoma Kula

Mtu akiuliza nani anajua kufuga samaki wa maji chumvi hapa Kasulu, namjibu bila kumung'unya maneno: ni mimi. Sijigambi, ila sijasikia mwingine. Bahari iko upande wa pili wa nchi, ziwa letu ni la maji baridi, na huku milimani mwezi wa saba unatoka kitandani na sweta mbili. Hata hivyo sebuleni kwangu kuna tangi la kioo refu kama kitanda cha mtu mzima, lina hita, lina pampu, lina betri ya kulishika umeme ukikatika, na ndani yake kuna bahari.

Nilianza vibaya, nakiri. Nilitoka Tanga nikapangiwa kazi ya maabara Kibondo, na huko nikajidanganya kwamba chumvi ni chumvi tu. Ya Uvinza ilikuwa karibu, safi, nyeupe. Nikaikoroga kwenye maji, nikaonja, nikasema bahari ndiyo hii. Kamba wawili niliowatanguliza walilala ubavu kabla chai yangu haijapoa. Chumvi ile haina kasoro kwenye maharage, lakini bahari ina mambo mengi zaidi ya chumvi. Tangu siku hiyo naagiza chumvi ya matangi kutoka Dar, napima maji kila asubuhi kama ninavyopima damu za watu, na kosa lile sijalirudia.

Nilipohamishiwa Kasulu nilikuwa tayari na mke, mwalimu, mtoto wa Nyakitonto, ambaye wazee wake walitoka Burundi zamani na sasa ni raia wa hapa hapa. Nilikuwa pia na samaki wangu wa kwanza wa maana: samaki-simba, yule mwenye miba ya sumu mgongoni na mapezi yaliyotawanyika kama kuku aliyelowa mvua. Samaki wa mapambo tu sina shida nao, lakini hawanikoshi. Mimi napenda mwindaji. Samaki-simba huyu ukimwonyesha kipande cha mgebuka wa ziwani anakuja mbele kabisa, anatanua mapezi watu wamwone, kisha anafungua mdomo na kipande hakipo tena. Mke wangu alisema ni mtu wa pwani kama mimi, hawezi kula bila watazamaji. Sikubisha.

Halafu akaja mkunga. Huyu ni samaki mrefu anayefanana na nyoka, wangu ana madoa meusi juu ya ngozi ya manjano, na meno ambayo hutaki yakukute. Rafiki yangu mzamiaji alimtuma kutoka Tanga ndani ya mfuko wenye hewa, kwa ndege mpaka Kigoma, na mimi nikamfuata kwa gari la kuazima. Alifika mzima. Nikamtia kwenye tangi, akaingia chini ya jiwe, akatoa kichwa tu.

Siku ya tatu mtaa mzima ulishasema daktari anafuga nyoka ndani. Huku wanatuita madaktari sote tunaovaa koti jeupe, na ukisikika unafuga nyoka ndani maana yake si burudani, maana yake umeutafuta utajiri kwa njia mbaya. Nilikasirika kweli. Lakini mimi si mtu wa kujificha. Nikafungua mlango, nikafungua mapazia, nikawasha taa zote za tangi, nikatangaza kwamba kila siku saa kumi jioni ni saa ya kulisha na kila mtu anakaribishwa aje aone mwenyewe kama yule ni nyoka au samaki. Wakaja. Wakajaa. Kina mama na watoto mgongoni, mafundi wa baiskeli, walimu wenzake na mke wangu, wote pua kwenye kioo.

Samaki-simba alifurahi sana. Mkunga alirudisha kichwa chini ya jiwe.

Nilimpelekea mgebuka kwa koleo refu, akaukataa. Nikampelekea dagaa wabichi, akawakataa. Nikaagiza ngisi na kamba wa kugandishwa kutoka Dar, wakasafiri na basi kwenye boksi la barafu, akawakataa vilevile. Wiki ya kwanza sikujali, kwa sababu mkunga anaweza kukaa na njaa. Wiki ya tatu nikaanza kupima maji mara mbili kwa siku. Wiki ya tano ngozi nyuma ya kichwa chake ilikuwa imeingia ndani, na nikajua kwamba huyu anakufa mbele ya macho yangu na mimi ndiye bingwa wa Kasulu. Sikulala vizuri siku hizo, nasema ukweli.

Katikati ya hayo mke wangu alijifungua mtoto wetu wa kwanza, na mama yake akaja kutoka Nyakitonto kumlea. Nilichukua likizo nikakaa nyumbani. Nilimpenda mama mkwe wangu na nilitaka aone kwamba binti yake hakukosea. Siku ya kwanza mke wangu aliniambia, "Mama atakula na mimi jikoni, usijisumbue."

"Jikoni?" nikasema. "Watu watasema namnyanyasa mkwe wangu. Atakaa mezani kama malkia."

Kwetu Tanga chakula kinaliwa pamoja, na mkwe anapewa mnofu. Nikamweka kichwani mwa meza, mimi nikakaa uso kwa uso naye, nikamjazia sahani. "Kula, mama. Ongeza, mama. Mbona huli?" Yeye alikuwa anafunika mdomo kwa ncha ya kitenge, anatia matonge matatu, anasema, "Nimeshiba, baba. Imana ikubariki." Imana kwao ni Mungu. Asubuhi hivyo, mchana hivyo, jioni hivyo. Baada ya siku kumi mashavu yake yalikuwa yamepungua. Nikampima malaria, hakuna. Nikampima typhoid na sukari, hakuna. Nikamwambia mke wangu kwamba labda ni umri. Aliniangalia muda mrefu, akasema, "Mwache tu mama yangu," akaendelea kunyonyesha.

Kwa hiyo nilikuwa na wawili wasiokula ndani ya nyumba, na nilikuwa na jibu la kitaalamu kwa kila mmoja.

Siku moja, saa kumi jioni, umati ulikuwa pale kama kawaida. Nilikuwa nimeshika koleo lenye kipande cha ngisi, nakitikisa mbele ya jiwe, watu wanashangilia, "Toka! Toka!" Mama mkwe alisimama kwenye mlango wa jikoni. Alikuwa hajawahi kusogelea tangi. Alitazama kidogo, akageuka upande, akasema na ukuta, maana na mimi hakuzoea kusema macho kwa macho:

"Mukwe wanje, uyu mugeni mnamufanya nini?"

"Namlisha, mama. Hataki."

"Atakulaje? Watu wote mnamukodolea macho."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Aliingia ndani, akarudi na kitenge chake kingine, akanipa mimi bila kunitazama. "Mufunike. Zima na ayo mataa. Mumuache."

Sikuamini, lakini nilikuwa nimeshajaribu kila kitu ninachokijua, na mkwe hakataliwi mbele za watu. Nikawaomba majirani watoke. Wakatoka wakinung'unika. Nikazima taa, nikadondosha ngisi karibu na jiwe, nikamtenga samaki-simba kwa kipande cha kioo, nikatandaza kitenge mbele ya tangi kutoka juu mpaka chini. Nikakaa barazani nusu saa. Niliporudi nikainua pembe ya kitenge kidogo sana. Ngisi hakuwepo. Nikatumbukiza kipande cha mgebuka, nikashusha kitenge, nikasikia maji yakipigwa mara moja kwa nguvu.

Nilipiga kelele za furaha kama mtoto. Nilikimbilia jikoni, mama mkwe alikuwa anamenya viazi.

"Amekula, mama! Amekula viwili! Umejuaje?"

Aliendelea kumenya. "Kwetu mutu muzima hatazamwi akila," akasema. "Ukimutazama, anasema ameshiba."

Nilisimama pale na koleo mkononi, maji ya bahari yananidondokea miguuni. Nilikumbuka matonge matatu. Nilikumbuka kitenge mdomoni, sindano zangu kwenye kidole chake, na mke wangu akiniambia jikoni tangu siku ya kwanza. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Jioni ile meza iliandaliwa: ugali wa muhogo, maharage, migebuka. Mama mkwe alikuja akakaa mahali pake pa kimalkia. Nilijipakulia sahani yangu, nikasimama.

"Mama, mtaniwia radhi," nikasema. "Mimi nitakula barazani. Ndani kuna joto."

Ndani hakukuwa na joto. Ilikuwa Kasulu, mwezi wa saba. Nilivuta pazia la mlango nyuma yangu, nikakaa kwenye kigoda na sweta zangu mbili, sahani magotini. Kisha nikasikia kiti kikisogezwa, mke wangu akisema jambo kwa Kiha, mama yake akicheka, na baadaye mwiko wa kupakulia ukigonga sufuria. Baada ya muda mwiko ukagonga tena. Niliendelea kula, nikitazama barabara.