Flashi Yangu ya Nyimbo

Wiki jana kompyuta ya ofisini kwetu Kilimani ilikataa kuwaka. Fundi alichomoa flashi iliyosahauliwa nyuma yake, akawasha tena, ikafunguka. "Inaangalia flashi kwanza," akasema. "Ikikosa cha kuanzia, inakwama hapo hapo." Nilienda msalani nikajifungia.

Nilipokuwa mtoto, kompyuta yetu ya nyumbani Woodley ilikuwa ya Baba. Mchana ule, siku moja kabla ya kumzika, Mama aliondoa kitambaa cha kufuma kilichoifunika, akaiwasha. Feni ikavuma, vumbi likanukia moto, lakini skrini ikabaki nyeusi na mstari mmoja wa maneno meupe. Humo ndimo mlimokuwa na wasifu wa Baba wa kusomwa kaburini, na picha zake zote. Mama alizima na kuwasha tena na tena.

"Funguka, tafadhali. Watu wa kuprinti wanafunga."

Mimi niliamini mashine imejua kuwa mwenyewe amefariki, ndiyo maana inagoma.

Mjomba alikuja akaiangalia. "Dada, hii imekufa. Dawa ni kufuta yote, tuanze upya."

"Na picha je?"

"Pole, dada."

Simlaumu Mjomba, alifanya alichojua. Labda hata nakumbuka vibaya. Lakini asubuhi ile nilikuwa nimechomeka flashi yangu ya nyimbo, nikazima haraka nilipomsikia Mama, na niliichomoa kila kitu kikiwa kimeshafutwa.

Jioni ya siku ile ya fundi nilimpigia Mama nimwambie. Aliposema haloo, nikamuuliza kama amekula.